Kupumua, Kuhema na Kutweta: Injini Kuukuu na Gesi Zake

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo aghalabu huchanganywa: kupumua, kuhema na kutweta. Anayepumua yu mzima. Anayehema ametoka kwenye kazi nzito. Anayetweta pumzi zinamwishia. Tofauti hii ndiyo hasa inayohitajika mbele ya gari kuukuu lililoinuliwa boneti, huku fundi akitangaza kwamba ringi zimekwisha na injini sharti ifunguliwe yote. Gharama ya kazi hiyo yaweza kuipita thamani ya gari lenyewe. Kabla ya kukubali, yafaa mwenye gari ajue iwapo injini yake inatweta kwa uchakavu au imezibwa pua tu.

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, na ringi zilizoizunguka ndizo huziba upenyo uliopo kati yake na ukuta. Hata hivyo, hakuna ringi inayoziba kabisa. Kila ringi imekatwa mahali pamoja ili ipate nafasi ya kutanuka kwa joto, na petroli inapoungua kwa kishindo, sehemu ndogo ya gesi hupenya hapo na kushuka hadi kwenye chemba ya krenki, iliko oili. Gesi hizo huwa na petroli ambayo haikuungua, mvuke wa maji na asidi. Jambo hili hutokea hata katika injini mpya, si ugonjwa. Ugonjwa huanza gesi zinapokosa njia ya kutokea. Shinikizo hupanda na kuisukuma oili kupitia kila mahali palipo dhaifu: kwenye sili za krenki, kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, na wakati mwingine kijiti cha kupimia oili hujiinua chenyewe. Mvuke wa maji nao huganda na kuchanganyika na oili hadi ikawa kama uji mweusi unaoziba mifereji. Gari linalotumiwa kwa safari fupi fupi huathirika zaidi, maana injini haipati moto wa kutosha kuyakausha maji hayo.

Zamani dawa ilikuwa bomba lililotoka kwenye chemba na kuelekezwa chini ya gari. Upepo wa mwendo ulizifyonza gesi na kuzimwaga barabarani. Gari liliposimama, pumzi nayo ilisimama. Katika Vita Vikuu vya Pili, vifaru vilivyohitaji kuvuka maji havikuweza kuachwa na bomba lililo wazi hivyo, na ikabidi gesi zirudishwe ndani ya injini. Raia walilazimika kungoja. Mapema katika miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu wenye sumu uliofunika jiji la Los Angeles ulitokana na mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni zilizopigwa na jua. Ilibainika kuwa takriban moja ya tano ya mvuke uliotolewa na gari ilipitia bomba lile la chini, wala si bomba la moshi. Magari mapya ya California yakaanza kuwekewa vali maalumu kuanzia matoleo ya 1961, na kufikia yale ya 1963 vali hiyo ikawa imeenea Marekani nzima.

Vali hiyo, ambayo inaweza kuitwa vali ya pumzi, ni kijidude chenye springi na kipande cha chuma kinachocheza ndani yake. Huzipeleka gesi kwenye njia ya hewa iingiayo injini ili ziungue upya. Injini inaponguruma taratibu, mvuto wa hewa huwa mkali, na vali hujibana isije ikapitisha hewa nyingi mno. Dereva akikanyaga mafuta kiasi, mvuto hupungua na springi huifungua zaidi. Akikanyaga hadi mwisho, kama vile gari lililosheheni linapopanda mlima, gesi huwa nyingi kuliko wakati wowote ilhali mvuto karibu umekwisha. Hapo gesi hurudi kupitia mpira wa pili hadi kwenye kichujio cha hewa, zikibeba matone ya oili. Kwa hiyo, unyevu kidogo wa oili kwenye kichujio cha gari kuukuu si hukumu ya kifo. Kichujio kilicholowa ndicho cha kutilia shaka.

Na hapa ndipo hila huingia. Yupo muuzaji anayeuchomoa mpira huo na kuuning'iniza chini ya gari ili kichujio kibaki kikavu machoni mwa mnunuzi. Amelirudisha gari kabla ya 1961! Mwingine humimina oili nzito ili moshi wa buluu upungue kwa siku chache.

Mwenye gari mwangalifu huanza na kilicho rahisi. Injini ikiwa inanguruma taratibu, hufungua kifuniko cha kujazia oili na kuweka karatasi juu ya tundu. Vali ikiwa nzima na ringi zikiwa na nguvu, baada ya muda mfupi karatasi huvutwa chini. Ikirushwa juu, huzima injini, huchomoa vali na kuitikisa. Isipolia, imeganda, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Vali mpya ikifungwa, mipira ikasafishwa, na bado injini ikatweta, sasa ndipo fundi aitwe na kipimo cha shinikizo. Hupima kila silinda ikiwa kavu, kisha humimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Shinikizo likipanda sana, ringi zimechakaa. Lisipopanda, penye kasoro ni vali za silinda au gasketi ya hedi, na ringi zilisingiziwa.