Doa la Unyayoni Lisilotoka na Hina

Bibi harusi anapokalishwa mkekani kutiwa hina, nyayo zake hutazamwa kwa makini kuliko siku nyingine yoyote. Mpambaji huinama juu ya mguu kwa saa nzima, asiache nafasi. Harusi ikipita, nyayo hizo husahauliwa. Hutukanyagisha jikoni, sokoni na kazini, wala hatuzigeuzi kuziangalia mpaka ziume.

Upo ugonjwa unaostawi katika usahaulifu huo. Unaitwa melanoma ya nyayo na kucha. Ni saratani ya ngozi iliyo adimu, lakini ni kali, na mara nyingi hugunduliwa wakati umekwisha kupita.

Si maradhi ya Wazungu peke yao

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba saratani ya ngozi huletwa na jua na huwapata watu weupe. Neno hilo lina ukweli, kwani rangi ya ngozi yetu, iitwayo melanini, hutukinga na miale ya jua. Hata hivyo, melanoma hii humea pahali ambapo jua halifiki sana: unyayoni, kiganjani na chini ya ukucha. Mtu mweusi anapopata melanoma, aghalabu huwa ya aina hii, na huwaandama zaidi watu wa makamo na wazee.

Chanzo chake ni zile seli zinazotengeneza melanini. Seli moja ikiharibika katika jeni zake, huanza kuzaana bila mpaka. Mwanzoni seli hizo hutambaa juujuu, na alama huwa doa bapa lisilouma, mfano wa tone la wino. Baadaye huanza kuchimba chini. Zikifika kwenye mishipa ya limfu na ya damu, husafiri hadi tezi za kinenani, kisha mapafuni, kwenye ini na hata ubongoni.

Kwa hiyo unene wa uvimbe ni jambo kubwa. Mwaka 1970 daktari Mmarekani, Alexander Breslow, alionyesha kwamba kina cha melanoma, kikipimwa kwa milimita chini ya hadubini, hubashiri hatima ya mgonjwa. Tofauti baina ya kupona na kutopona yaweza kuwa milimita chache tu, na milimita hizo huongezeka kila tunapongoja.

Mwanamuziki wa Jamaika, Bob Marley, aligunduliwa ugonjwa huu mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Doa lile lilikuwa limedhaniwa ni jeraha la mpira. Alishauriwa akatwe kidole, akakataa. Akaondolewa ukucha na nyama iliyo chini yake. Mwezi Mei 1981 alifariki akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imekwisha enea mwilini.

Namna ya kulitambua

Hina haileti saratani hii, ila yaweza kuificha. Rangi ya hina au piko unyayoni hufifia baada ya wiki chache. Doa likibaki pale pale hina ikiisha kutoka, na hasa likiwa jipya, linapanuka, kingo zake zimepinda au rangi yake si moja, lionyeshwe daktari.

Ukuchani, hina na damu iliyovilia kwa kujikwaa husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, mpaka zikaisha. Mstari wa melanoma hutoka shinani mwa ukucha na hauondoki. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi, wala isikutie hofu. La kuogopwa ni mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka, au weusi uliovuka ukucha ukaingia kwenye ngozi iliyouzunguka.

Wakati mwingine saratani hii haina rangi kabisa. Huja kama kidonda kisichopona, na mgonjwa akatibiwa sugu, fangasi au kidonda cha sukari kwa miezi. Kidonda cha mguu kisichopona kwa dawa kinastahili kuchunguzwa upya.

Tiba

Daktari hukata kipande cha ngozi kikapimwe maabara. Kuna wanaoamini kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Imani hiyo si ya kweli, na imewachelewesha wengi. Kipimo hicho hakisambazi ugonjwa, na bila yake haujulikani.

Ukithibitika mapema, tiba yake kuu ni upasuaji: doa huondolewa pamoja na ngozi nzima ya pembeni, kiasi cha sentimita moja au mbili kulingana na kina chake. Ukiwa ukuchani, huenda ikalazimu kukata sehemu ya kidole. Tezi ya kwanza ya kinenani nayo yaweza kupimwa, ijulikane kama ugonjwa umefika huko.

Ukiisha enea, tibakemikali ya kawaida haifui dafu mbele yake. Zipo dawa za kuamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, matunda ya utafiti uliowapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Zimerefusha maisha ya wagonjwa wengi wa melanoma, ingawa ile ya nyayo huzitii kidogo kuliko ile ya jua, na bei yake ni ghali mno. Kuliona doa mapema hakugharimu kitu.

Fursa ya kila siku

Nasi tumejaaliwa fursa ya kuliona. Kila siku tunatawadha, tunaosha miguu hadi vifundoni na kupitisha vidole baina ya vidole. Mara moja kwa mwezi, maji yakiwa bado yanatiririka, ugeuze unyayo uutazame, kisha utazame visigino na kucha. Kabla ya kupaka hina, fanya vivyo hivyo. Na mpambaji akiona doa la shaka, amwambie mwenyewe badala ya kulifunika kwa ua.

Nyumbani yupo bibi ambaye magoti hayamruhusu kuinama na macho yamepungua nuru. Nyayo zake hakuna azionaye. Mjukuu amletee maji ya udhu, amwoshe miguu, na amtazamie. Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema, sisi na wazee wetu.