Kuwapokea Waliomaliza Kifungo

Wasomaji wetu wa Ushirombo wajua ya kuwa tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru, na ya kuwa mara nyingi Rais huwasamehe wafungwa siku hiyo. Mwaka 2019 sherehe zilifanyika Mwanza, na hapo Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533. Tena Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 yamwezesha mfungwa mwenye bidii na adabu njema kupunguziwa theluthi ya kifungo chake. Basi kila mwaka wako watu warudio vijijini, na yatupasa kufikiri namna ya kuwapokea.

Wengine husema, "Mwizi ni mwizi, na akae mbali." Twayaelewa maneno hayo, kwa maana aliyeibiwa ng'ombe hasahau upesi. Lakini adhabu hukatwa na mahakama, nayo ikiisha imekwisha. Kijiji kikimwongezea mtu kifungo cha pili kwa kumtenga, hakijipatii usalama. Asiye na nyumba, wala shamba, wala mtu wa kumwamkia, hukimbilia machimbo ya dhahabu mahali asipojulikana. Huko huwatafuta wenziwe wa zamani, kwa kuwa hao ndio pekee wampokeao. Kisha mali ya nani itaibiwa?

Mambo matatu yafaa kufanywa.

Kwanza, jembe. Desemba katika nchi yetu ni wakati wa kulima na kupanda. Atokaye kifungoni siku hizo akipewa na ndugu zake mahali pa kulala, jembe, mbegu na kipande cha shamba, atavuna mahindi yake mwenyewe. Akikosa, msimu humpita, naye hukaa mwaka mzima akiomba chakula. Mwenye njaa ya mwaka mzima hujaribiwa sana.

Pili, kazi ya mikono. Gerezani wako wajifunzao useremala, uashi na ushonaji. Katika Gereza la Karanga, Moshi, hutengenezwa viatu. Mwulizeni amejifunza nini, mpeni kazi ndogo ya kumjaribu, na mlipeni sawasawa na wengine.

Tatu, amani na aliyekosewa. Wazee pamoja na mwenyekiti wa kitongoji wawakutanishe, ikiwa aliyekosewa ameridhia, wala asilazimishwe. Mkosaji aombe radhi, na kama aweza, alipe kidogo kidogo. Watoto wake nao wasitukanwe kwa kosa la baba yao.

Hatusemi ya kuwa kila arudiye amegeuka. Akikosa tena, apelekwe polisi, asipigwe na kundi la watu. Lakini si haki kwamba kila kuku apoteapo, yeye ndiye atafutwaye kwanza.

Neno hili si la kwetu tu. Mwezi wa Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwatunza wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni hizo zasema ya kuwa wajibu wa jamii hauishi siku mfungwa anapofunguliwa.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kijiji kimpacho mtu jembe mapema chajilindia ghala zake chenyewe.