Chumvi ya Uvinza na Njia ya Misafara ya Tabora

Watahiniwa wengi wanapoulizwa kuhusu biashara ya masafa marefu hutaja pembe za ndovu na watumwa, kisha wakaishia hapo. Jibu hilo ni la kweli lakini halijakamilika. Kabla misafara kutoka Bagamoyo haijafika Tabora na Ujiji, wenyeji wa magharibi mwa Tanzania walikuwa tayari wakizalisha na kuuziana bidhaa za madini. Mfano mzuri ni chumvi ya Uvinza.

(a) Mahali na asili yake
Uvinza iko mkoani Kigoma, kati ya Tabora na Ujiji, karibu na mahali ambapo mto Ruchugi huungana na Malagarasi. Maji ya ardhini huyeyusha chumvi iliyomo katika miamba, kisha hutoka juu kama chemchemi za maji ya chumvi.

(b) Uzalishaji
Kazi ilifanyika kiangazi, kwa kuwa wakati wa masika mito ilifurika na kufunika chemchemi. Watu waliteka maji na kuyachemsha katika vyungu hadi yakakauka, chumvi ikabaki. Kazi hii ilihitaji wafinyanzi, wakata kuni na wapagazi. Uchunguzi wa akiolojia unaonesha kuwa imefanyika kwa zaidi ya miaka 1,000.

(c) Umiliki
Watawala wa Wavinza walidhibiti chemchemi. Wageni waliruhusiwa kutengeneza chumvi, lakini walitoa sehemu yake kama kodi. Misafara nayo ilitozwa hongo ilipovuka mto Malagarasi.

(d) Biashara
Chumvi ilipelekwa Unyamwezi, Buha na maeneo ya Ziwa Tanganyika, ikabadilishwa kwa bidhaa kama majembe ya chuma na chakula.

(e) Mabadiliko ya kikoloni
Wajerumani waliutwaa uzalishaji kutoka kwa watawala wa Wavinza. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipitia Uvinza. Chumvi iliyobebwa kichwani sasa ilibebwa na behewa, na wapagazi wakapoteza kazi.

Linganisha na leo
Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, wilayani Nzega mkoani Tabora, ulifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa katika miaka ya 2010. Chemchemi huendelea kutoa maji ya chumvi, lakini dhahabu ikishachimbwa hairudi. Ndiyo maana swali la nani anadhibiti madini ni zito. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni zenye leseni kubwa za uchimbaji.

Zingatia: Usiorodheshe madini tu. Kwa kila hoja, eleza nani alizalisha, nani alidhibiti na nani alinufaika.

Swali la kujipima
"Wageni ndio walioanzisha biashara magharibi mwa Tanzania." Kanusha kauli hii kwa hoja nne, ukitumia mfano wa Uvinza.