Tupunguze Maneno, Tusipoteze Sauti Zetu



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu msomaji, wengi wenu mlikuwepo katika Maulid ya madrasa yetu mwaka juzi. Risala yetu ilikuwa na kurasa 7. Ukurasa wa kwanza wote uliishia kwenye majina na vyeo vya wageni. Kurasa mbili zilizofuata zilieleza historia ya madrasa tangu tulipokuwa tukisoma chini ya mwembe. Ombi letu, yaani tenki la maji ya kutawadhia, tuliliweka ukurasa wa 7. Msomaji alipofika ukurasa wa 5, wingu likatanda, watu wakaanza kukunja mikeka, na mgeni rasmi akaomba ruhusa kwa kuwa alikuwa bado na safari ya Handeni. Akaondoka bila kulisikia ombi.

Hatumlaumu mgeni wala mvua. Risala tuliiandika sisi walimu pamoja na wanafunzi wa darasa la juu, na kosa lilikuwa letu. Makala haya yanaeleza tulichojifunza, kwani kila mmoja wetu ipo siku ataandika risala, barua ya kuomba kazi au barua kwa mzazi aliye mbali.

1. UFUPI UNA ASILI KATIKA DINI YETU

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Ammar bin Yasir (R.A.) alitoa hotuba fupi iliyowafikia watu vizuri. Walipomwambia kuwa laiti angeirefusha, akawajibu kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa kurefusha sala na kufupisha hotuba ni dalili ya mtu kuifahamu dini yake.

Tazameni pia barua ya Nabii Sulayman (A.S.) kwa Malkia wa Sabaa, iliyopelekwa na ndege Hudhud. Qur'ani imeitaja katika aya mbili tu za Suratun-Naml, aya ya 30 na 31. Mwandishi anajulikana, jina la Allah limetangulia, na anachotakiwa malkia kukifanya kiko wazi. Barua hiyo fupi ilimfanya malkia awakusanye wakuu wake kutaka shauri. Na ingawa ni fupi, hakuna anayeweza kudhani kuwa imeandikwa na mtu mwingine.

2. KOSA LETU LA PILI

Tulipoanza kuirekebisha risala, tulimpa kazi mwanafunzi mmoja wa kike. Kuhusu maji aliandika hivi:

"Napenda kuchukua fursa hii adhimu kusema kwamba, kwa kweli, suala la maji limekuwa ni tatizo kubwa na changamoto sugu inayotukabili sisi wanafunzi kwa muda mrefu sana, ambapo inatulazimu kwenda kuchota maji mtoni kila siku, na wakati mwingine mimi na wenzangu hufika na ndoo nusu kwa sababu kilima kinateleza, jambo ambalo hupelekea kuchelewa sala ya Alasiri."

Tukachukua kalamu nyekundu, tukakata. Ikabaki hivi: "Madrasa haina maji. Wanafunzi huchota mtoni. Tunaomba tenki."

Tukajiona tumefaulu. Lakini mzee mmoja wa kamati aliposomewa alitabasamu, akatukumbusha simu za maandishi za zamani, ambazo posta ilitoza kila neno. Akasema, "Hii madrasa gani sasa? Ya Makuyuni au ya Mwanza?" Binti naye alikuwa kimya. Tulipomuuliza akajibu, "Ustadhi, mbona kilima mmekitoa?"

Alisema kweli. Tulikata maneno ambayo mtu yeyote angeweza kuyasema, tukakata pia yale ambayo yeye peke yake ndiye angeyasema, kwa kuwa ndiye anayebeba ndoo. Tukamrudishia karatasi, naye akaandika:

"Maji ya udhu tunachota mtoni. Kilima kinateleza; ndoo iliyojaa hufika nusu, na mara nyingi tunakuta Alasiri imeshakimiwa. Tunaomba tenki la lita 2,000."

3. NAMNA YA KUFANYA

(a) Andika kwanza yote yaliyomo moyoni bila kuogopa urefu. Kukata ni kazi ya baadaye.

(b) Jiulize: nataka msomaji afanye nini? Jibu lisingoje ukurasa wa mwisho.

(c) Futa maneno ya kila mtu: "napenda kuchukua fursa hii", "kwa kweli", "suala la". Maneno mapacha kama "tatizo na changamoto", bakisha moja. "Tulifanya zoezi la kupanda miti" iwe "tulipanda miti".

(d) Usiguse kilicho chako: ndoo, kilima, usemi wa bibi yako, mzaha wenu wa nyumbani.

(e) Usikate adabu. Salamu moja nzuri, kumwamkia mzazi na kumuulizia bibi hali yake si maneno ya ziada. Wala si kila kurudia ni kosa, Mtume (S.A.W.) alikuwa akirudia neno mara tatu ili lifahamike.

(f) Msomee mtu wa nyumbani kwa sauti. Akianza kutazama pembeni, kata hapo. Akicheka au akisikitika, paache.

Mkoa wetu wa Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert (1909–1962), kijijini Vibambani. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958 zilitunzwa, na baadaye zikachapwa kuwa kitabu. Hakuna anayeitunza miaka mingi karatasi isiyo na harufu ya aliyeiandika. Wazazi, nanyi msizisahihishe barua za watoto wenu mpaka zikawa barua zenu. Makosa ya herufi rekebisheni, sauti mwachieni mtoto.

4. MWISHO

Risala ya mwaka huu ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Aliisoma binti yuleyule kwa muda wa dakika 4. Alipomaliza, mgeni rasmi alimwita, akamuuliza kilima hicho kiko upande gani, kisha akaenda kukiona kwa miguu yake. Tenki bado halijafika, lakini saruji ya msingi imekwishaletwa, Alhamdulillah.

Tunamuomba Allah (S.W.) azifanye ndimi na kalamu zetu ziseme lenye kheri, na zijue pa kunyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq.