Kombati Iliyotaka Kuficha Askari Kila Mahali

Mwaka 2004 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitangaza kombati mpya yenye vipande vidogo vya mraba, mithili ya picha ya kompyuta iliyokuzwa kupita kiasi. Ilikuwa na rangi tatu tu: kijivu, kijani iliyofifia na rangi ya mchanga. Nyeusi iliondolewa kabisa. Nia ilikuwa sare moja imfae askari jangwani, msituni na mjini. Njia mbili zilimshinda fisi; jeshi hili lilijaribu tatu.

Mabaka ya kombati yana kazi mbili. Ya kwanza ni kushabihiana na udongo, majani na mawe ya mahali. Ya pili, ambayo wengi hatuifikirii, ni kuvunja umbo. Kichwa, mabega na mikono humchongea mtu hata akivaa kijani katikati ya majani. Lakini baka jeusi likianzia begani na kukatiza kifuani, jicho hudhani linaona kivuli na kichaka, si mtu mmoja.

Ndiyo maana wabunifu huchanganya mabaka ya ukubwa mbalimbali. Madogo humsitiri askari aliye karibu; makubwa, yenye rangi zinazopishana sana kwa weusi na weupe, humsitiri aliye mbali. Kombati ya 2004 ilikuwa na vipande vidogo na rangi zinazokaribiana. Kwa mbali vyote viliyeyuka vikawa kijivu kimoja, na umbo la mtu likabaki zima.

Afghanistan ndiko kombati hiyo ilikoumbuka. Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilidai suluhisho, na mwaka uliofuata askari waliopelekwa huko wakaanza kupewa MultiCam, mabaka ya kahawia na kijani ya kampuni ya Crye Precision. Mwaka 2015 jeshi zima lilianza kuhamia mabaka ya jamii hiyo, na ruhusa ya kuvaa yale ya kijivu ikakoma Septemba 30, 2019.

Usiku nao una masharti yake. Majani huakisi kwa wingi mionzi ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni lakini darubini za usiku huinasa. Kwa hiyo rangi za kitambaa huchanganywa ziiakisi kwa kiasi kinacholingana na mazingira. Sabuni yenye kemikali za kung'arisha nguo huweza kuharibu kazi hiyo, na ndiyo sababu askari huambiwa wasiifulie kombati kwa sabuni ya aina hiyo wala kuipiga pasi kwa wanga.

Jeshi la Afghanistan lenyewe halikusalimika na kosa la kuchagua mabaka yasiyofaa. Mwaka 2017 mkaguzi maalumu wa Marekani alieleza kuwa jeshi hilo lilichaguliwa mabaka ya msituni, ilhali misitu ni asilimia 2.1 tu ya ardhi ya nchi hiyo. Mabaka hayo yalikuwa yamependwa na aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Afghanistan yalipochaguliwa, na yaliongeza gharama kwa takribani dola milioni 28.

Mabaka hupimwa mahali yatakapovaliwa: karibu na mbali, mchana na usiku. Kombati iliyochaguliwa kwa kupendeza tu inafaa gwaride, si vita.