Plagini ikikataa: usimwage dawa mbele ya kujua ugonjwa

Wengi munaniulizaka kwa nini mutu wa agronomia anapoteza usiku mbele ya programu za montaji. Leo nitajibu, na nitaeleza vile unaweza kutafuta kosa wakati efe za video ao maandishi ya juu ya picha yanakataa kutoka.

Tuanze na aibu yangu. Mwaka uliopita nilitengeneza video ya dakika sita juu ya munyauko wa migomba, ule tunaujua kwa jina la BXW. Unaletwa na bakteria ya Xanthomonas. Hapa kwetu Congo ulionekana kwanza Masisi, mwaka 2001, na tangu pale umeharibu mashamba mengi ya Kivu. Panga iliyokata mugomba mugonjwa inabeba bakteria mpaka kwa mugomba muzima. Njo maana tunafundisha kuvunja lile ua la chini ya mukungu kwa muti wenye uma, hapana kwa panga.

Ndani ya video nilionyesha vyote viwili: kwanza kosa, mutu anakata ua kwa panga, kisha njia nzuri, mutu anavunja kwa muti. Juu ya picha ya kosa niliweka plagini ya titri: neno HAPANA kwa rangi nyekundu, na musalaba mukubwa unaoanguka kutoka juu.

Siku ya kuionyesha, katika kijiji kimoja cha Kabare, neno HAPANA halikutoka. Musalaba pia hapana. Ilibaki paka panga inayokata vizuri, kwenye jua nzuri. Mama mumoja akafurahi: «Agronomu, kumbe njo vile tunafanyaka siku zote. Tuko sawa!»

Nilisimamisha projekteri, nikaeleza kwa mudomo, muti mukononi. Lakini vijana watatu walikuwa tayari wamejitumia video kwenye telefone zao.

Sasa, plagini ni nini? Kwa Kifaransa wanaiitaka pia greffon, neno lile lile la kipandikizi. Sisi tuliopandikiza avoka kwenye pepinyeri tunaelewa mara moja. Programu ya montaji ni shina. Plagini ni kijiti kilichotoka kwa muti mwingine. Kijiti cha avoka hakishiki juu ya shina la muchungwa, hata ukifunga namna gani. Na kama shambani, kosa kubwa ni kumwaga dawa zote kwa mara moja: mutu anaondoa programu, anairudisha, anabadilisha piloti ya kadi ya grafiki, anafuta hiki na kile, yote kwa usiku mumoja. Hata ikipona, hatajua ni nini iliponyesha. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari. Kisha kingine.

Swali la kwanza: nani mugonjwa? Fungua proje mupya, weka video ya sekunde kumi na ile plagini peke yake. Ikitoka vizuri, ugonjwa uko ndani ya proje yako ya zamani. Ikikataa, ugonjwa uko kwa plagini, kwa programu, ao kwa mashini. Kipimo hicho kinakula dakika mbili na kinakuokolea usiku muzima.

Swali la pili: plagini inaonekana kwenye orodha ya efe? Kama haionekani, angalia mambo matatu. Kwanza, aina yake. Plagini iliyotengenezwa kwa programu za Adobe haishiki ndani ya DaVinci Resolve; Resolve inapokea zile za aina ya OFX, mupango ulioanza mwaka 2004 ili plagini moja iweze kutumika kwa programu za kampuni mbalimbali. Pili, biti. Premiere Pro, tangu toleo la CS5 la mwaka 2010, ni ya biti 64 tu; plagini ya zamani ya biti 32 haitaingia hata ukiomba. Tatu, dosie. Kwenye Windows, plagini za OFX zinakaa ndani ya C:\Program Files\Common Files\OFX\Plugins. Ukiziweka kwenye dosie ya vitu ulivyopakua, programu haina macho ya kuzitafuta kule.

Kama iko mahali pake na bado haionekani, pengine programu inakumbuka kwamba siku moja ilianguka nayo, na sasa inairuka. Kwa Premiere, futa kumbukumbu yake ya plagini, ili izisome upya. Kwa Resolve, ingia kwenye mapendeleo, sehemu ya plagini za video, uone kama haijazimwa.

Swali la tatu: inaonekana, lakini inaleta maandishi ao alama juu ya picha yako? Hiyo hapana ugonjwa, ni deni. Muda wa kujaribu umeisha, ao efe ni ya toleo la kulipia. Resolve ya bure inafanya vile: ukitumia efe ya toleo la Studio, inapiga muhuri juu ya picha. Usitafute piloti pale.

Swali la nne: picha inakuwa nyeusi, inajaa rangi za ajabu, ao programu inajifunga? Shuku kadi ya grafiki. Premiere ina namna ya kutumia prosesa peke yake, bila kadi. Ni polepole sana, lakini ni kipimo kizuri: kama picha inarudi, ujue shida iko kwa kadi ao kwa piloti yake. Na kama shida ilianza siku ile uliweka piloti mupya, rudisha ile ya zamani mbele ya kutukana plagini.

Swali la tano: maandishi yanatoka, lakini sura imebadilika ao yamekuwa vidirisha vitupu? Hapo ni polisi, nasema polisi ya herufi, hapana ile ya kwenye rond-point. Mashini haina aina ile ya herufi. Kila ukihamisha proje, beba pia faili za herufi zake.

Na mimi, nilikuwa na ugonjwa gani? Aibu ni kwamba ulikuwa mwepesi kuliko yote. Umeme ulikatika, nikabeba proje kwa fleshi mpaka kwa rafiki mwenye mashini ya nguvu, ili nitoe video pale. Plagini ilibaki kwangu. Programu iliniambia, kwa kidirisha kidogo, kwamba efe moja inakosekana. Nilibonyeza OK bila kusoma, ju ilikuwa saa tano ya usiku na nilitaka kulala.

Tangu siku ile niko na sheria tatu. Moja: titri yenye kubeba maana siiachi mikononi mwa plagini. Naitoa kwanza kama picha ya PNG yenye sehemu ya nyuma iliyo wazi, kisha naiweka juu ya video; pale inafunguka kwa mashini yoyote. Plagini inapamba jina la filamu, hiyo tu. Mbili: neno la hatari nalisema pia kwa sauti. Maandishi yakikufa, sikio linabaki. Na tusisahau kwamba si wote pale kijijini wanasoma. Tatu: video iliyotoka naitazama yote, kuanzia sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, kwenye telefone ya kawaida, hapana ndani ya programu.

Nilirudi Kabare nyuma ya wiki mbili na video mupya. Yule mama alikuwa amekata muti wake wenye uma, murefu kunishinda. Vijana wawili walifuta video ya zamani mbele yangu. Wa tatu alikuwa amehamia Minova na telefone yake. Ile video ingali inatembea kule, na panga yake, bila neno HAPANA.