Bili ya Umeme kwa Ngazi: Mwanafunzi Aanze Hapa

Kwa miaka mingi umeme wa Arua na Koboko ulikuwa wa kubahatisha. Mtambo wa maji wa Nyagak, wilayani Zombo, ulianza kazi mwaka 2012, na miaka ya karibuni West Nile imeunganishwa na gridi ya taifa. Yafaa basi kila familia ielewe jinsi fedha ya umeme inavyohesabiwa.

Nchini Uganda uniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa bei nafuu, ili mwenye kipato kidogo asikose taa. Tuseme, kwa mfano, kila moja ni shilingi 250, na zinazofuata ni shilingi 750. Nyumba iliyotumia uniti 40 italipa 3,750 kwa zile 15, na 18,750 kwa zile 25 zilizobaki, jumla 22,500. Anayezidisha 40 zote kwa 750 hupata 30,000. Tofauti ya shilingi 7,500 si ndogo, hasa pale wapangaji wanapochangia mita moja na mmoja wao ndiye mshika hesabu.

Kijana ajifunzaye kompyuta aweza kuiandika hesabu hiyo kwa lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiini chake ni hiki:

if (uniti <= 15)
    bili = uniti * 250;
else
    bili = 15 * 250 + (uniti - 15) * 750;
jumla = bili * 1.18;

Neno «if» huuliza: je, uniti hazikuzidi 15? Zikizidi, «else» huhesabu kila ngazi kwa bei yake. Mstari wa mwisho huongeza kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Hapa mwanafunzi aangalie sana: akiandika 18 / 100, C hugawa namba nzima kwa namba nzima, jibu huwa sifuri, na kodi hupotea. Pia bili na jumla zitangazwe kuwa «double», yaani namba zenye desimali.

Kisha programu ijaribiwe mpakani mwa ngazi. Uniti 15 zitoe 4,425. 16 zitoe 5,310. 40 zitoe 26,550. Majibu yakilingana na ya kalamu na karatasi, wazazi waitumie kukagua bili ya nyumbani, wakiweka bei zilizotangazwa. Hesabu iliyo wazi huzuia ugomvi.